Aya Moja, Kijiko Kimoja

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama. Dereva wa basi alimwachia muuza duka wa chini, na wifi yangu akakipandisha huku akilalamika ngazi nzima kwamba vitabu ni vizito kuliko saruji. Asante sana. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu hapa simu ni ya watu wote. Chumba cha Mzee ndiyo sebule, sebule ndiyo jiko, na wifi hapitwi na neno.

Uliniuliza naishije. Naishi hivi: naamka, namgeuza Mzee, namsafisha, namkalisha, namlisha, namlaza, naanza upya. Upande wake wote wa kulia umelala tangu apate kiharusi, na maneno yamekwenda na upande huo. Muuguzi aliniambia nimlishe polepole, kijiko kimoja, nisubiri ameze kabisa ndipo nimpe kingine, asije akapaliwa. Sasa katika kule kusubiri mtu unafanya nini? Kuta nimeshazikariri. Basi nikafungua kile kitabu chako cha upelelezi, cha maiti ya mhasibu ndani ya kabati la benki, nikawa najisomea kwa sauti. Mdomo wangu unaujua.

Shangazi, baba mkwe wangu alifumbua macho. Mtu aliyekuwa anakula vijiko viwili vitatu na kutema kimoja, alimaliza bakuli. Nikasoma aya, nikampa kijiko. Nikasoma aya, nikampa kijiko. Nilipofika pale mpelelezi anashika kitasa cha kabati, nikanyamaza makusudi, na Mzee akabonyeza sinia kwa kidole cha mkono wa kushoto, kama anaita lifti. Si unajua alikuwa fundi wa lifti maisha yake yote, na sasa amekwama ghorofa ya nne kwenye jengo la ngazi tupu. Nikacheka mwenyewe, naye akabonyeza tena.

Kwa hiyo dawa nimeipata. Akipata nguvu kidogo wifi atamchukua, ni baba yake mzazi, na mimi Septemba narudi chuoni kumalizia mwaka wangu wa maabara. Wameahidi kunishikia nafasi mpaka hapo, si zaidi. Mume wangu anasema mradi wao wa barabara unaisha mwezi ujao, atarudi. Nitumie vitabu vingine, vya kuuana hasa.

Mwanao,
Kasuku


15 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Nimeicheka barua yako hapa kaunta mpaka mwanafunzi mmoja akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze, mimi, mkutubi mwenyewe. Tulikupa jina la Kasuku kwa sababu ulikuwa unasoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hadi maandishi ya kwenye viberiti na matangazo ya mazishi ya watu tusiowajua. Baba yako alikuwa anakuziba mdomo tukiwa hospitali. Sikujua kwamba ipo siku mdomo huo utamlisha mtu.

Usinishukuru sana. Vitabu ninavyokutumia ni vile tunavyoviondoa rafuni: vimechanika, vimemwagikiwa chai, au havijaazimwa tangu enzi za mkutubi aliyenitangulia. Nisipokupa wewe vinakwenda kwa muuza karanga akafungie karanga. Ukikuta ukurasa haupo, ujue umeliwa. Safari hii nimeweka riwaya ya mapenzi na kingine cha bwana mmoja aliyevuka jangwa kwa baiskeli. Vya upelelezi vimekwisha. Wasomaji wa upelelezi ni wezi, sijui wanajifunzia humo.

Ila niambie jambo moja. Wifi yako ameshaanza kumlisha? Unaandika "atamchukua" kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mfundishe sasa hivi, wakati Septemba bado iko mbali. Na huyo mumeo, "mwezi ujao" wake naujua tangu mwaka jana.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Riwaya ya mapenzi tumeimaliza. Nilidhani nitakufa kwa aibu kumsomea baba mkwe mambo ya kushikana viuno, nikawa naruka kurasa. Mzee si mjinga. Kila nikiruka anabonyeza sinia, halafu anasubiri. Ikabidi nisome yote nikitazama dirishani, masikio yanawaka moto. Wifi alikuwa anapiga pasi pale mlangoni, akaunguza shati kwa kusikiliza, kisha akasema yeye hana muda wa upuuzi. Bwana wa baiskeli naye tumemalizana naye. Mzee alimpenda. Mimi alinichosha, kila ukurasa anasifu upweke. Angekuja kwangu angeupata bure bila kukanyaga pedeli.

Sasa nikueleze yaliyonikuta. Jumanne nilimwomba wifi amlishe mchana, niende sokoni mwenyewe, angalau nione watu. Nilizunguka, nikanunua hata visivyonihusu, nikarudi jioni. Bakuli limejaa na limeganda. Wifi amekaa sakafuni, uji mpaka kwenye nywele. Mzee alifunga mdomo nilipotoka na hakuufungua. Alibembelezwa, akakaripiwa, akaitwa jirani ambaye ni mkunga na amezoea wabishi, wapi. Nilipokaa na kufungua kitabu, mdomo ukafunguka kabla sijamaliza sentensi.

Wifi akanitazama, akasema, "Umemroga na vitabu vyako. Haya, ni wako."

Jioni hiyohiyo mume wangu akapiga simu. Aliongea vizuri, kwa upole kabisa: "Wewe ndiye unayemjua Mzee, mke wangu. Hakuna mwingine." Alikuwa ananisifu. Nikaingia bafuni nikalia huku nimejiziba mdomo kwa taulo, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Nimejifunga mwenyewe, Shangazi. Nimemzoesha mtu kula kwa sauti yangu, na siwezi kuondoka nikaiacha sauti hapa. Naogopa. Nifanyeje?

Kasuku


20 Aprili

Kasuku,

Futa machozi, tuna kazi. Tatizo si sauti yako, tatizo ni utamu. Umemzoesha mtu sukari, sasa mpunguzie.

Nakutumia kitabu kibaya kuliko vyote ndani ya jengo hili. Ni mwongozo wa ujenzi wa mifereji ya maji machafu, umejaa majedwali ya miteremko ya mabomba. Haujawahi kuazimwa na binadamu. Mimi nilijaribu kuusoma nikaamka shingo imekakamaa. Msomee huo tu, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya bima. Baada ya wiki atakula hata kwa mkono wa adui yake ili mradi unyamaze. Hapo ndipo wifi aingie na bakuli, bila kitabu.

Chini ya kifurushi nimetia na mashairi, hayo ni yako, usimpe Mzee. Wala usimwonee haya. Yeye anahitaji chakula, hadithi ni nyongeza. Wewe unahitaji Septemba.

Shangazi


13 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mpango wako umekufa kifo kibaya. Mzee ameupenda mwongozo wa mifereji.

Tulisahau kwamba huyu mtu ameishi maisha yake ndani ya mashimo ya majengo akiangalia vyuma na mabomba yanavyopita. Nilisoma kwa sauti ya bima kama ulivyoniagiza. Nilipofika kwenye jedwali la miteremko akabonyeza nirudie. Nikarudia. Nusu ya uso wake iliyo hai ikatabasamu. Sura ya mashimo ya ukaguzi tumeisoma mara nyingi kuliko ile ya kushikana viuno. Na nikuambie la aibu, hata mimi nimeipenda. Kuna mahali wanaeleza jinsi ya kujua bomba limeziba wapi bila kuchimba, unaweka sikio na kusikiliza. Sasa nashinda nasikiliza mabomba ya jengo hili. La jirani wa juu ndilo litakaloziba kwanza.

Tumejaribu njia zote. Nilijirekodi kwenye simu, Mzee akasikiliza kidogo, akageuzia uso ukutani. Wifi akajaribu kusoma mwenyewe. Anasoma kama mtu anayevuka matope, neno moja, anasimama, anavuta mguu, neno jingine. Mdomo ukafungwa. Alikitupa kitabu akatoka na kubamiza mlango, akaenda kwenye kibanda chake cha nguo. Sikujua kwamba aliacha shule akiwa mdogo, mpaka jirani aliponiambia. Hajawahi kuniambia na mimi sijawahi kumuuliza.

Mashairi Mzee hayawezi, hayana mahali pa kupumzisha kijiko. Nayasoma mwenyewe akiwa amelala. Shuleni niliyachukia. Sasa naona ni maandishi ya mtu aliyepewa chumba kidogo na lazima aishi humo, na mimi namwelewa mtu huyo. Mume wangu anasema mvua zimeharibu tuta, watachelewa.

Unazo hadithi za mizimu?

Kasuku


1 Juni

Kasuku,

Ninazo. Nimeziweka pamoja na tamthilia moja ya kuchekesha na sehemu ya kwanza ya riwaya ndefu kuhusu ukoo wa mafundi magodoro, ambayo jalada lake limeng'oka.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno chuo, sijaliona. Mabomba nimeyaona, mashairi nimeyaona. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe, si mbali na hapa kazini. Mkuu wa idara anakukumbuka. Anasema wewe ndiye uliyekuwa ukiona kwenye hadubini vijidudu ambavyo wenzako wanavipita. Akasema pia, bila kuzunguka, kwamba wanataka jibu lako kabla mwezi wa saba haujaisha. Yupo mwingine anayeisubiri nafasi hiyo, na ukinyamaza watampa.

Nijibu hilo kwanza. Mizimu itasubiri.

Shangazi


28 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Tamthilia imetuvunja mbavu. Kuna mfalme, mkewe na mlinzi wa lango. Mfalme na mke nilijigawia mimi, akabaki mlinzi. Wifi alikuwa anapita na ndoo, nikamwambia mlinzi maneno yake ni mawili tu, "Hapiti mtu." Akayasema. Aliyasema kwa sauti ya kijeshi, kidevu juu, na Mzee akabonyeza sinia mpaka kijiko kikaanguka. Tangu siku hiyo wifi anapitapita na ndoo hata sakafu ikiwa kavu.

Hadithi za mizimu nimezitupa chini ya kitanda. Zote ni za nyumba isiyomwachia mtu atoke. Mzee alizifurahia, mimi nikazifunga katikati.

Lakini hawa mafundi magodoro, Shangazi! Tumewameza. Sehemu ya kwanza imekatika pale binti mkubwa amesimama stesheni na sanduku lake, treni inaingia, hatujui atapanda au hapandi. Mzee anabonyeza na mimi sina la kumpa. Kwenye ukurasa wa nyuma wanasema zipo sehemu nne. Nitumie hizo tatu zilizobaki, tafadhali, hata kama hazijaondolewa rafuni, nitazirudisha zikiwa safi. Zitatufikisha mwisho wa mwaka.

Kuhusu chuo, tutaona. Hapa si pabaya kama nilivyokuwa naandika zamani. Mzee ameongezeka mwili, mimi nina vitabu, siku inapita bila hata kuitazama. Jana nilitafuta viatu vyangu vya kutokea nikakuta vimeota ukungu, nikacheka, maana sikumbuki mara ya mwisho nilishuka ngazi lini. Wifi hununua kila kitu. Mume wangu sasa anasema Desemba.

Usisahau hizo tatu.

Kasuku


7 Julai

Mwanangu,

Sitatuma.

Zipo hapa mezani kwangu, zote tatu. Nilizifunga, nikaandika anwani, nikaenda nazo mpaka stendi, nikarudi nazo. Zitatufikisha mwisho wa mwaka, ndivyo ulivyoandika. Niliposoma pale ilibidi nikae chini. Nilijiona mjanja, namtumia mtoto wa kaka yangu vitabu ili avumilie. Umevumilia mno. Mtu anayechoka hutafuta mlango, na mimi nimekuwa nikihakikisha huchoki. Viatu vimeota ukungu na wewe unacheka, mwanangu. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo kitabu kingine kutoka kwangu hakiingii katika nyumba hiyo. Nikasirikie, nina kifua.

Na jambo la pili. Umemsomea Mzee wauaji, wapenzi, wasafiri, mafundi wa mifereji, wafalme na wafu. Habari zako wewe anazijua? Anajua una chuo? Anajua Septemba ni nini kwako? Wote humo ndani mnapanga maisha kumzunguka yeye, na hakuna aliyemwambia neno. Vilivyokufa ni mkono na ulimi, masikio ni mazima. Mwambie.

Shangazi yako anayekupenda


12 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Vitabu vimeisha. Nimerudia cha upelelezi, lakini Mzee anamjua muuaji, hataki. Leo amekula kidogo sana. Kama nia yako ilikuwa kumtesa kwa njaa mtu asiyeweza kujitetea, hongera, umefanikiwa.

Ni rahisi kuongea habari za kutoka ukiwa umekaa mahali penye milango mikubwa na funguo ziko mkobani mwako. Mimi nikitoka, huyu anakufa. Na atakufa mikononi mwangu hata nikiwa mbali, maana watu wote watasema ni mimi. Hilo halimo kwenye vitabu vyako.

Sitaandika mpaka nipoe.

Kasuku


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimepoa, ingawa si kwa namna niliyotarajia.

Niliishiwa kabisa, nikaanza kubuni. Nikakaa na bakuli nikamwambia, "Baba, leo kitabu hakuna, ila nitakuambia ya yule binti wa stesheni." Nikaendeleza kwa akili yangu. Nikasema treni ilisimama na binti hakupanda, kwa sababu nyumbani kuna mzee asiyekula bila yeye. Akabonyeza. Nikasema binti alikuwa anasomea kupima damu kwenye hadubini, na amebakiza mwaka mmoja tu. Akabonyeza, taratibu. Nikasema alikuwapo mwanaume aliyepiga simu kila mara na kusema mwezi ujao. Wakati wote huo nilikuwa natazama kijiko. Nikasema binti huyu alimpenda mzee kama baba yake, na asubuhi nyingine alitamani akute mzee hakuamka, kisha anamchemshia uji huku akijichukia. Hapo sikusikia kidole. Nilipoinua macho Mzee alikuwa ananitazama, machozi yanashuka kwenye jicho lile zima, na mdomo ameufunga.

Nilidhani nimemuua. Nikamwomba radhi, nikambembeleza, nikamshika miguu. Hakufungua mchana wala jioni. Kesho yake wifi akapita, na Mzee akanyoosha kidole kumwelekea. Wifi akasema, "Mimi? Baba, si umenikataa mwenyewe? Na kusoma sijui." Kidole hakikushuka. Akachukua kijiko kwa hasira, akakipeleka, na mdomo ukafunguka. Bila kitabu, bila hadithi. Akala, na alipokuwa anakula alikuwa ananitazama mimi.

Nimejaribu kila siku tangu hapo. Nikishika kijiko mimi, anafunga. Akishika wifi, anafungua. Wifi hata ameanza kuringa, na anayo haki.

Basi nimewapigia chuo, hapahapa sebuleni, kwa sauti, kila mtu asikie. Nafasi ipo. Mume wangu nilimwambia jana. Akauliza baba yake ataachiwa nani. Nikamwambia anaye binti na anaye mwana. Akakata simu.

Naondoka Jumamosi. Nilidhani siku hii ikifika nitaruka ngazi kwa furaha. Kumbe nimeumia. Nimekataliwa na mgonjwa wangu mwenyewe, Shangazi, aliyenila sauti miezi yote hii, na sasa ananifungia mdomo kama sijulikani. Najua ni mlango umefunguka. Ila hakuna anayependa kuonyeshwa mlango.

Nakuja. Usinipokee na kitabu.

Kasuku


14 Agosti

Kwa Shangazi wa Kasuku,

Shikamoo. Mimi ni wifi yake. Hatujawahi kuonana, anwani nimeitoa kwenye karatasi ya kifurushi. Samahani kwa mwandiko, nimeandika hii barua kwa siku kadhaa, na mengine nimemuuliza jirani.

Nataka kukuambia jambo ambalo Kasuku hatakiwi kulijua. Jumamosi ile nilimlisha Baba mbele yake, akala vizuri, Kasuku akaona. Akamshika mkono, akamwambia kwaheri Baba, akashuka. Baba alisikiliza ngazi mpaka mlango wa chini ukagonga. Halafu akatema kila kitu. Alikuwa amekificha ndani ya lile shavu lililokufa. Nikakumbuka siku zote zile nilivyokuwa namfuta na kitambaa na kitambaa kinajaa, nikidhani anadondosha tu. Alikuwa anameza kidogo sana. Zilikuwa siku za kumwonyesha Kasuku.

Baada ya hapo akafunga mdomo kweli. Nilishika simu nimwite arudi. Baba akapiga sinia kwa kiganja, akapiga, akapiga, mpaka nikaiweka chini. Nikaishika tena, akapiga tena. Hataki ajue. Muuguzi akaja akamtundikia dripu, akasema tusipoangalia tutampoteza. Nilimpigia kaka yangu, akasema anatafuta ruhusa kazini. Kibanda changu nimekifunga. Niliketi hapa na Baba, mlango umefungwa, na nikaona kwamba zamu sasa ni yangu na hakuna atakayekuja baada yangu.

Nilimkasirikia, Shangazi, sitakuficha. Nikamwambia, "Mimi pia ni mtoto wako. Nilitolewa shule nimuuguze mama, na hukusema neno, na ulimi ulikuwa nao." Nikachukua kitabu kilichokuwa juu, cha yule wa baiskeli, nikasoma kwa hasira, ninavyoweza, vibaya. Asubuhi nzima aya moja. Hakufungua. Kesho yake nikasoma tena palepale. Kuna neno refu nililipita nikalikosea, akabonyeza sinia. Nikadhani anataka kula, nikapeleka kijiko, akakikataa, akabonyeza. Nikarudia neno. Akabonyeza. Nikalikata vipande, nikalisema mpaka likatoka lote. Ndipo akafungua mdomo. Akameza, nilimpapasa shavu kuhakikisha.

Sasa ndivyo tunavyokula. Nikikosea hali, nikipatia anakula. Uji unapoa kabisa. Juzi tulimaliza ukurasa.

Naomba kitabu, Shangazi. Chenye maandishi makubwa na maneno mafupi, kisiwe kirefu. Najua uliapa hutatuma kitabu tena katika nyumba hii, Kasuku aliniambia siku alipokasirika. Lakini ulimwapia yeye. Mimi sijawahi kutumiwa kitu na mtu.

Na akikuuliza kama Baba anakula, mwambie anakula. Tangu juzi si uongo.

Wifi